Tiketi Iliyofia Jukwaani

Wexley, New Jersey
10 Desemba

Kwa Kondakta Gaspare Scarpati,

Salamu sina. Nilikuwa nazo jana asubuhi nilipotoka nyumbani, zikagandia stesheni pamoja na vidole vyangu vya miguu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yako ya simu nimeifungia, na kwa sababu nikisikia sauti yako nitatoa maneno ambayo Mama hakunifunza. Jina langu ni Filomena. Mimi ni dada yako, tumbo moja, nimekutangulia miaka minne. Nimeona nijitambulishe, maana jana ndani ya treni ulionekana umesahau.

Nitaeleza kila kitu ili kesho usije ukasema nimetia chumvi. Dirisha la tiketi hapa Wexley limefungwa tangu majani yalipoanza kudondoka. Chumba cha kusubiria kina kufuli kwa sababu bomba limepasuka, na hilo bomba lilipasuka msimu wa baridi uliopita, sio huu. Mashine ya tiketi ina barafu mpaka kwenye tundu la kadi. Kwa hiyo nikanunua tiketi kwenye simu kama binti mtiifu wa Reli ya Bonde. Nilipoona taa za treni kwenye kona nikabonyeza kuiwasha, nayo ikishawashwa huishi muda mfupi tu, kama tunavyofanya wote tusio na tiketi ya mwezi, maana mtu akibonyeza akiwa ameshakaa mnamwita mwizi.

Taa zikasimama pale pale, ng'ambo ya daraja, ndani ya macho yetu. Zilikaa huko muda ambao mtu angeweza kupika maharage yakaiva. Tangazo likasema treni inawasili. Likarudia. Yule mzee wa kofia ya manyoya akaanza kulijibu, na majibu yake siwezi kuyaandika.

Tulipopanda mwishowe ukaja wewe na sare yako, na koleo yako ya kutobolea tiketi ikining'inia kiunoni kama bastola ya sherifu. Ukaiangalia simu yangu, ukasema kwa sauti ambayo behewa zima lilisikia: "Mama, tiketi hii imekufa. Nauli upya, na dola tano za kununulia ndani ya treni."

Mama? Mama yuko Dunmoor nyumbani kwako, anakula supu. Mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu ndiye unayeniita mama, kama mtu uliyekutana naye foleni ya posta. Nikadhani unatania. Nikacheka. Ukarudia, na hukunitazama usoni. Watu wakageuka wakaniangalia kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Miaka yote hii nikipanda treni yako tiketi ikiwa na matatizo unapita, unakonyeza jicho, basi. Sasa Machi unastaafu, unatimiza miaka thelathini kazini, na kabla hujavua kofia umeona umalizie ukatili kwa dada yako. Hongera.

Sikiliza vizuri. Mkesha wa Krismasi sikanyagi Dunmoor. Samaki saba wa desturi yetu ya mkesha mtakula wenyewe, na ngisi muwakaange wenyewe muone watakavyokuwa mpira. Nataka dola zangu tano na neno moja la kuomba radhi. Nakupa wiki. Baada ya hapo naiandikia ofisi yenu.

Asiye mama yako,
Filomena Dudek


Dunmoor
13 Desemba

Dada,

Usiiandikie ofisi. Nakuomba kwa uzito wote. Sababu ipo na si ya kuandika. Nitakueleza ana kwa ana siku ya mkesha.

Dola tano zipo kwenye droo ya Mama, chini ya rozari. Chukua kumi.

Treni ilisimama kwa sababu vyuma vya kubadilishia njia viliganda. Sikuvigandisha mimi. Nyinyi watu wa Wexley mnatuangalia kana kwamba theluji tunaibeba mifukoni tukaimwage relini kwa makusudi. Mnakaa kwenye kiti chenye joto mnanuna, na mimi nimesimama mlangoni tangu alfajiri nikitukanwa na watu wazima wenye makoti ya bei mbaya. Kila mmoja wenu anadhani amechelewa peke yake.

Njoo mkesha. Chewa wa chumvi nimeshanunua, Mama anamgeuzageuza kila siku kama mtoto mchanga.

Gaspare


Wexley, New Jersey
17 Desemba

Kwa Ofisi ya Mahusiano na Wasafiri,
Reli ya Bonde.

Mabwana na mabibi wapendwa, kama mpo.

Nimepanda treni yenu siku tatu kila wiki kwa miaka kumi na moja, kutoka Wexley kwenda mjini, ambako ninapiga chapa nyaraka katika ofisi ya wanasheria. Nasema hivyo mjue kwamba barua ndefu hazinichoshi.

Ningependa kuwapongeza. Kuna mashirika yanayoshangazwa na tetemeko la ardhi au vita. Nyinyi mnashangazwa na Desemba. Inakuja kila mwaka, baada ya Novemba, na kila mwaka mnaipokea kama mgeni aliyevunja mlango. Theluji ikianguka, mnatangaza kwamba imeanguka. Tunaiona. Tumesimama ndani yake kwa sababu chumba cha kusubiria mmekifunga.

Ningependa pia kuwapongeza kwa ubunifu wa biashara. Mmefunga dirisha la tiketi, mmeacha mashine igande, kisha mnamtoza mtu dola tano kwa kosa la kutonunua tiketi dirishani au kwenye mashine. Mwenye mgahawa akifungia vijiko kabatini halafu akawatoza wateja wanaokula kwa mikono, angepelekwa mahakamani. Nyinyi mna nembo na bendera.

Tarehe 9 mwezi huu tiketi yangu halali ilifia jukwaani, mkononi mwangu, nikiitazama treni yenu ikiwa imesimama ng'ambo ya daraja. Kondakta akanitoza nauli ya pili na hizo dola tano. Kondakta huyo ni Gaspare Scarpati, na ni mdogo wangu wa damu. Ili mwone jinsi kanuni zenu zisivyo na kichwa wala miguu: kondakta huyu huyu, kwa miaka yote hiyo kumi na moja, hajawahi kunidai hizo dola tano hata mara moja. Mashine ikiganda ananipita. Simu ikizima ananipita. Siku nyingine hata nauli yenyewe hakuidai, kwa sababu ana akili na anajua kosa si langu. Kanuni gani hiyo inayolala miaka kumi na moja halafu inaamka asubuhi moja?

Nadai dola tano, nauli moja, na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na binadamu.

Bila heshima,
Filomena Dudek (Bi.)


Dunmoor
18 Desemba

Dada Mena,

Umenyamaza. Nakujua, ukinyamaza ujue unaandika. Kwa hiyo nasema kile ambacho sikutaka kukisema kwa karatasi.

Siku ile nyuma yako alikaa mwanamume mwenye koti la kahawia, anajaza fumbo la maneno kwenye gazeti. Huyo ni mkaguzi wa Reli. Ofisi inawatuma wamevaa kama wasafiri waone kama makondakta wanawasamehe watu nauli, hasa ndugu na marafiki. Sura yake ninaijua kwa sababu Oktoba ndiye aliyenishika. Mwanamke mmoja alipanda stesheni ya Harlan Mills na mtoto anayeumwa, hana tiketi, mashine mbovu. Sikumtoza dola tano. Nikapewa onyo la maandishi: likitokea tena, hasa kwa mtu wangu, nafukuzwa.

Ningekukonyeza jicho siku ile, ningevuliwa sare kabla hatujafika mjini. Ndiyo maana nilikuita mama. Ningekuita Mena, angeandika Mena.

Unajua maana ya Machi. Miaka thelathini ikitimia napata pensheni nzima, na matibabu ya Mama yanakaa humo humo ndani. Nikifukuzwa Januari au Februari, napata vipande. Nina miaka sitini. Nani ataniajiri, nikatoboe nini?

Sikukutazama usoni kwa sababu ningecheka au ningelia. Niliona aibu, dada. Hilo ndilo neno ulilolitaka. Samahani.

Sasa weka kalamu chini.

Gaspare


Reli ya Bonde
Ofisi ya Mahusiano na Wasafiri
28 Desemba

Mpendwa Bi. Dudek,

Asante kwa kuchagua kusafiri nasi. Maoni yako ni muhimu sana kwetu.

Kuhusu kuchelewa kwa treni: kulisababishwa na hali ya hewa. Kuhusu chumba cha kusubiria cha Wexley: kipo katika matengenezo. Kuhusu dirisha la tiketi na mashine: taarifa zetu zinaonyesha kuwa vyote vinafanya kazi. Kuhusu nauli na tozo ya dola tano: zilitozwa ipasavyo na hazirudishwi.

Kuhusu aya ya nne ya barua yako, tunakushukuru kwa namna ya pekee. Taarifa uliyoitoa kuhusu mwenendo wa mtumishi wetu kwa kipindi cha miaka kumi na moja ni ya thamani kubwa. Kikao cha nidhamu kitafanyika tarehe 16 Januari, saa nne asubuhi, katika makao makuu yetu mjini, ghorofa ya sita. Kwa mujibu wa mkataba wetu na chama cha wafanyakazi, barua yako haiwezi kutumika mpaka wewe mwenyewe uithibitishe kwa kinywa mbele ya kikao. Tunakualika ufike kama shahidi.

Kwa usafiri wa uhakika siku hiyo, tunakushauri utumie huduma zetu.

Wako katika utumishi,
(mhuri)


Wexley
31 Desemba

Gaspare, mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 18 ilinifikia tarehe 27. Magari ya posta yalikwama kwenye theluji barabara kuu. Siku tisa. Ofisi ilikuwa na barua yangu tayari, na mimi mkesha mzima nilikaa hapa nimenuna, nikala mkate na jibini, nikajiona mshindi.

Nimekufukuzisha kazi. Nimekaa mezani nimeandika kwa mkono wangu, nikasoma kwa sauti nikafurahia, nikatia stempu. Niliona nimewanyoosha. Kati ya yote niliyowatapikia, mabomba, mashine, vijiko, hawakuona kitu. Waliona jina lako tu, wakalidaka kama paka aliyeona dagaa. Barua yao naiambatisha uisome. Wameniita wa thamani kubwa.

Siendi kwenye hicho kikao. Waje wanibebe. Au naenda nawaambia niliandika nimelewa. Au nasema sina kaka. Niambie nifanye lipi nami nitafanya, hata kama ni la kijinga. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Namba yako nimeifungulia. Naona hupigi. Una haki.

Mena


Dunmoor
4 Januari

Filomena,

Sikupigi kwa sababu Mama yuko chumba cha pili na sitaki asikie nitakayokwambia.

Maisha yangu yote nimeuogopa mdomo wako. Ulimtukana padri kwenye harusi yangu. Ulimtukana daktari wa meno akiwa na koleo mkononi. Sikujua kwamba mdomo ndio sehemu yako ya upole na kalamu ndiyo yenye sumu. Nilikuandikia mistari michache tu: usiiandikie ofisi. Kuna neno gani gumu hapo?

Na nyinyi wasafiri ndivyo mlivyo. Mnawachukia wakubwa wa Reli, ambao hamjawahi kuwaona, mnamkuta mtu mwenye koleo mlangoni, mnamalizia kwake. Nilidhani wewe ungekuwa tofauti. Ulikuwa mbaya kuliko wao, maana wao hawajui jina langu kamili.

Haya. Sasa sikia mambo yalivyo, nimeelezwa na mtu wa chama. Ukikataa kwenda, watasema nimekuzuia, na kumzuia shahidi ni kufukuzwa papo hapo bila kikao. Ukienda ukadanganya, watakugundua. Wewe ukidanganya midomo inakukauka unaanza kuilamba, Mama alikuwa anakushika kwa hilo. Kwa hiyo njoo. Useme ulichoandika ni kweli, maana ni kweli. Mimi nilikupitisha na ningekupitisha tena.

Kitu kimoja tu cha kuchekesha. Mkataba unawapa siku thelathini tangu wapokee barua. Tarehe 16 ndiyo siku ya mwisho. Kikao kikifungwa siku hiyo bila shahidi wao kuthibitisha, shauri linakufa na haliwezi kufufuliwa. Hata kunifukuza wamechelewa. Bernadette, yule kondakta mwenzangu anayecheka kwa kishindo, niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, amesema niwaandikie niwaombe. Mimi siombi.

Mkesha Mama alikuwekea sahani. Akaichukua saa mbili baada ya chakula, akaosha sahani safi.

Siku hiyo chukua teksi. Treni zetu unazijua.

G.


Wexley
8 Januari

Gaspare,

Nitakuja. Mtu akiuliza, hujanizuia wala hujanishawishi.

Teksi sichukui. Ofisi imenishauri kwa maandishi nitumie huduma zao, na mimi ni mtu wa kusikiliza ushauri. Napanda ile ya saa mbili asubuhi. Ikiwa kwa ratiba inafika mjini kabla ya saa tatu na nusu, na mimi nimo ndani, atakayelaumiwa nikichelewa ni nani?

Tangu theluji ianze haijawahi kufika kwa wakati. Nimeichunguza kwa chuki ya miaka kumi na moja.

Usinijibu.

Mena


Wexley
17 Januari

Mdogo wangu,

Mtu wa chama ameniambia uliondoka kwenye jengo lile ukaenda kununua soseji. Kwa hiyo hukuona nilivyofika. Nakusimulia.

Nilipanda lifti mpaka ghorofa ya sita, theluji ikinidondoka kwenye zulia lao. Saa saba ilikuwa imeshapita. Chumbani alikuwemo bwana mmoja tu mwenye tai ya kijani, anakusanya faili. Akaniambia walinisubiri mpaka mwenyekiti akaondoka kwenda mkutano mwingine, na mtu wa chama akakataa kikao kifunguliwe tena. Shauri limefungwa. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akaniuliza, "Ulikwama wapi?"

Nikamwambia, "Kwenu."

Akasema ningechukua teksi. Nikafungua mkoba nikamwonyesha mstari wa mwisho wa barua yao, ule wa usafiri wa uhakika. Akausoma polepole. Sijawahi kuona mtu anayechukia karatasi yake mwenyewe namna ile. Nimeishi miaka sitini na minne nikisubiri uso ule, na nilipoupata, Gaspare, sikusikia utamu niliodhani nitausikia.

Maana hujui ya kwenye treni.

Treni ilikuja kwa wakati. Nakuapia kwa uhai wa Mama. Nimesimama jukwaani Wexley, nyuzi joto ziko chini kabisa, mvuke unanitoka mdomoni, mashine imeganda, dirisha limefungwa, kila kitu kibovu kama nilivyotaka. Halafu taa zikatokea kwenye kona, na safari hii hazikusimama. Zikaja tu. Mzee wa kofia ya manyoya akasema "Haiwezekani" kwa sauti ya mtu aliyeona mzimu. Milango yote ikafunguka. Ndani kuna joto. Nikakaa.

Harlan Mills tukafika kwa wakati. Stesheni iliyofuata, kwa wakati. Watu wanatabasamiana. Nimeilaani reli hiyo miaka kumi na moja kwa kuchelewa, na siku pekee niliyoihitaji ichelewe ikaamua kuwa reli ya Uswisi. Nikaanza kupanga nitakavyosema mbele ya kikao. Midomo ikanikauka nikiwa bado sijasema lolote. Nikajua nimekumaliza.

Ndipo akaja Bernadette. "Tiketi." Sikuwa nayo. Sikununua kwa simu, nilitaka kulipa ndani. Nikampa nauli, na dola tano juu yake kabla hajazitaja. Akazipokea. Akatoboa kile kikaratasi cha kuonyesha nimelipa, akakichomeka kwenye kiti juu ya kichwa changu, lakini hakuondoka.

"Unaenda ghorofa ya sita," akasema.

"Naenda."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

Akaangalia dirishani. Tulikuwa tunaingia kwenye kile kinamasi kabla ya mto, pale pasipo na stesheni wala barabara, matete tu na barafu. Akasema, kama mtu anayejisemesha, "Mlango wa behewa la tatu haujanifurahisha. Kuna barafu kwenye kizingiti. Kanuni inasema nikiwa na shaka na mlango, treni isimame mpaka fundi aje aukague. Gaspare ndiye aliyenifundisha kanuni hiyo."

"Kweli kuna barafu?" nikamuuliza.

"Januari hii, dada. Barafu ipo."

Akaenda. Hakucheka, yeye anayecheka kwa kishindo. Baada ya dakika chache treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya matete.

Mara ya kwanza maishani tangazo likanifurahisha: tunaomba radhi kwa usumbufu. Lakini furaha ilidumu kidogo sana. Fundi ilibidi atoke mjini, na gari lake likakwama kwenye theluji, na nyuma yetu zikasimama treni mbili nyingine. Wenzangu behewani wakaanza. Mmoja anampigia bosi wake anajieleza kama mtoto wa shule. Mama mmoja anaomba jirani akamchukue mwanawe. Msichana aliyekaa mbele yangu alikuwa na faili mapajani na viatu vipya visivyofaa theluji. Alikuwa anaenda kuhojiwa kazi. Alipiga simu mara tatu, ya tatu hawakupokea. Kila mmoja mle ndani alikuwa na saa nne yake, na mimi niliwanyang'anya wote kwa ajili ya yangu. Nikampa yule msichana sandwichi yangu. Akaikataa kwa adabu.

Uliniandikia kwamba kila mmoja wetu anadhani amechelewa peke yake. Nilikasirika niliposoma. Jana nimeona.

Mzee wa kofia ya manyoya alikuwa amefika kikomo. Alitoa kalamu na karatasi, akapachika miwani yake puani. Akasema hii sasa basi, leo leo anaiandikia ofisi, na safari hii hamwachi mtu. Akanigeukia mimi, maana wananijua kwamba ndimi mwenye ulimi. "Huyu kondakta wa kike," akasema, "anaitwa nani?"

Bernadette alikuwa amesimama mlangoni, hatua chache kutoka kwetu. Alisikia. Hakugeuka.

Nikamwambia yule mzee, "Andika. Andika juu ya bomba, na dirisha, na mashine, na hizo dola tano. Andika kwa matusi yote uliyonayo, na yakikuishia mimi nitakuongezea, ninayo mengi. Lakini jina la mtu usiweke."

"Kwa nini nisiweke?" akauliza.

"Kwa sababu ndilo peke yake watakalolisoma."

Jumapili nakuja Dunmoor. Kama bado umenuna, weka sahani tu.

Dada yako,
Mena